Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lubumbashi: fungueni daftari la pesa kabla mwili haujapatikana

Kwa Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka wa Jamhuri,
Kwa Mheshimiwa Meya wa jiji,
Kwa Kamanda wa polisi na waburgumestre wa komini zetu saba,

Wakubwa wetu, jambo.

Nina kabini ya pesa za simu kando ya soko la Kenya, komini yetu hapa Lubumbashi: meza, mwavuli uliopauka, kiti cha mteja, simu za mitandao yote na kaye, yaani daftari, ya mistari. Sheria sikusomea, na uandishi wa habari siyo kazi yangu. Ila tangu asubuhi hadi giza naona pesa ikitoka mkono huu kuingia mkono ule, na mbele ya meza yangu watu wakisubiri zamu yao huzungumza. Siku hizi wanazungumza sana kuhusu wale watu wanaoua mmoja baada ya mwingine kwa miaka, huku majirani wakiwasifu kwamba ni wapole na wanajua kusalimia.

Nalitanguliza ombi langu ili msichoke njiani. Mtu akipotea katika mji huu, mara nyingi upelelezi hungoja mwili uonekane. Naomba usingoje. Uanze na pesa yake: nani alimtumia mara ya mwisho, nani amezitoa, kwenye kabini gani, simu yake sasa imetiwa laini ya nani, na chumba alichoonekana akiingia kinalipiwa na nani. Uanze siku ileile ndugu zake wanapokuja kulia ofisini.

Kwenye kabini swali la watu ni lilelile: mke wa muuaji hakujua? Mama yake je? Wachungaji wanalijibu, wanywaji wa bia wanalijibu, kila mtu ana nadharia yake kuhusu mapepo. Mimi swali langu ni la watu wa kazi yangu. Kodi ya nyumba alilipa na nini? Mtu anaweza kumficha mkewe mambo mengi sana, lakini haishi kwa kula hewa. Anapanda teksi, anapanga chumba, ananunua laini, anauza simu isiyo yake. Hayo yote yanaacha mstari mahali fulani. Maisha yake ya siri ameyaficha kwa wanaompenda tu. Vipande vyake viko kwa mwenye parseli, yaani kiwanja chenye vyumba vya kupanga, kwa muuza laini, kwa fundi wa simu, kwangu mimi, na hakuna kati yetu anayejua kwamba ameshika kipande.

Mtazame Kigali, si mbali na ndugu zetu wa Goma. Septemba 2023 alikamatwa kijana wa miaka 34, Denis Kazungu, na miili ikapatikana katika shimo alilolichimba jikoni, ndani ya nyumba aliyoipanga Busanza, wilaya ya Kicukiro. Machi 2024 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha kwa kuua watu 14, karibu wote wanawake. Aliwapata kwenye mabaa, akawapeleka kwake, akawaibia simu na mali. Watu wamelizungumza sana lile shimo. Mimi nilibaki na kodi: mtu huyo alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba kwa miezi, mpaka akatakiwa kuhama. Hana kazi inayojulikana, halipi, na anaishi kwa vitu vya wageni wake. Hiyo ni hesabu, na ilikuwepo kabla jiko halijachimbuliwa. Tena iliripotiwa kwamba Julai ya mwaka uleule alikwisha kukamatwa kwa tuhuma za wizi na ubakaji, akaachiwa kwa kuwa ushahidi haukutosha. Simu za wizi zina namba, wakubwa. Na namba zina wenyewe.

Halafu Nairobi, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Julai 2024 magunia yenye miili ya wanawake yalitolewa kwenye shimo la machimbo lililojaa takataka pale Kware, Mukuru kwa Njenga. Siku chache baadaye polisi wakamkamata Collins Jumaisi, mwenye miaka 33, wakatangaza kwamba amekiri kuua wanawake 42 tangu mwaka 2022. Wazee wetu walitufundisha kwamba siku za mwizi ni arobaini. Hesabu hiyo iliyotangazwa ilikuwa imezipita kwa mbili. Chumba chake hakikuwa hata mita 100 kutoka lile shimo. Polisi walisema walikuta humo simu, vitambulisho, panga, glavu na magunia ya nailoni. Na walisema kilichowafikisha mlangoni pake ni muamala wa pesa za simu uliopitia namba ya mwanamke mmoja aliyekuwa ametoweka.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Alipofikishwa kortini, wakili wake alisema mteja wake aliteswa ndipo akakiri. Raia nao wakauliza kituo cha polisi cha karibu kilikuwa kinafanya nini muda wote ambao magunia yalikuwa yanatupwa pale. Tarehe 20 Agosti 2024 mtuhumiwa akatoroka mahabusu ya Gigiri pamoja na raia 12 wa Eritrea. Maneno ya kukiri yanabishaniwa, mtu mwenyewe amekwenda. Kilichobaki imara ni nini? Ni ule muamala: tarehe, saa, kiasi, namba iliyotuma na namba iliyopokea. Mtu anaweza kupigwa fimbo akasema lolote. Muamala haupigwi fimbo ukabadili maneno.

Niwaonyeshe kaye yangu, maana nahisi wengi wenu mnamtuma dereva na hamjawahi kuiona. Ukurasa una mistari mitano ya kusimama niliyoichora kwa rula: saa, jina, namba, kiasi, sahihi. Kwenye safu ya jina utakuta "Mama Gode", "Papa wa makala", "Shemeji", "Mwalimu mfupi". Haya siyo majina ya kadi, ni majina ya soko. Kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, mtu haitembezi hovyo. Akiipoteza, kuipata tena ni shughuli. Kwa hiyo mteja akijua namba ya siri, namtolea. Mama mgonjwa anamtuma mtoto na simu yake, namtolea. Ndivyo tunavyosaidiana. Mlango huohuo anaweza kuupita mtu aliyemlazimisha mwanamke ataje namba yake ya siri usiku, na kesho yake asubuhi akaja na simu mkononi, akaniambia "Mama, nitolee za dada yangu." Nami nitamtolea, na nitamwambia asante.

Kaye ikijaa inakwenda wapi? Jirani yangu anayeuza karanga huiomba. Kurasa zinakuwa vifurushi. Hakuna aliyewahi kutuambia tuzitunze, hata kwa miezi michache, na hakuna aliyewahi kuja kuzisoma. Mtaniambia kampuni za simu zina mashine zinazohifadhi kila kitu. Ni kweli. Lakini mashine inajua namba, mimi najua sura. OPJ, ofisa wa upelelezi wa polisi, akija kwangu kesho yake nitamwambia: aliyetoa alikuwa mwanaume, alivaa koti la mvua wakati wa kiangazi, alitaka dola, hakutaka falanga, na hakuhesabu. Asiyehesabu pesa sokoni anakumbukwa. Akija baada ya miezi mitatu, wateja wengi wamekwisha kupita juu ya sura ile na sina cha kumpa.

Msidhani jambo hili limeanza na simu. Ufaransa walikuwa na Henri Désiré Landru, mwenye mke na watoto, ambaye wakati wa vita vya 1914 alikuwa akitangaza magazetini kwamba ni mjane anayetafuta mchumba. Wanawake walikuja na akiba zao, samani zao, wakatoweka. Alipokamatwa Aprili 1919 hapakuwa na mwili hata mmoja mzima. Kulikuwa na daftari lake dogo. Bahili yule aliandika kila senti, hata nauli ya treni ya kwenda kwenye nyumba yake ya Gambais: kwake yeye tiketi ya kwenda na kurudi, kwa mwanamke tiketi ya kwenda tu. Mwaka 1921 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji 11, na Februari 1922 akakatwa kichwa. Tofauti ya bei ya tiketi mbili ilisema yale ambayo yeye alikataa kuyasema mpaka mwisho.

Na Marekani kuna kesi iliyofuatiliwa na vijana wetu kwenye simu kama mechi ya Mazembe. Rex Heuermann, msanifu wa majengo, ofisi yake Manhattan, nyumba yake Massapequa Park katika Long Island, mke na watoto wawili, kazi yake kuwasaidia watu kupata vibali vya ujenzi. Alikamatwa Julai 2023, na kufikia Desemba 2024 alikuwa ameshtakiwa kwa mauaji ya wanawake 7. Kufikia wakati huo mashtaka yote hayo alikuwa ameyakana. Waendesha mashtaka waliyafunua maisha yake kama mtu anayepembua mchele sinia zima: simu za muda zisizo na jina lake, anwani za barua pepe za majina ya uongo, bili za simu yake halali, hesabu za kadi yake ya malipo zikionyesha alikuwa wapi siku gani, safari za mkewe na watoto, ambao walikuwa mbali na nyumbani wakati wa mauaji aliyoshtakiwa nayo. Juni 2024 wakaongeza waraka waliosema waliukuta kwenye kompyuta yake: vifaa vya kununua, mambo ya kufanya kabla, mambo ya kufanya baada. Mtu wa ofisi, hata dhambi aliyotuhumiwa nayo imepangwa kiofisi. Na vinasaba vilipatikana kwenye ukoko wa piza alioutupa jalalani.

Ila kinachoniuma katika kesi hiyo ni gari. Miili ya kwanza kule pwani ya Gilgo ilipatikana Desemba 2010. Tangu wakati huo shahidi alikuwa amekwisha kuieleza polisi gari aina ya Chevrolet Avalanche, gari ambalo halikuwa la kila mtu. Maelezo hayo yalilala ndani ya faili mpaka mwaka 2022, kikundi kipya cha wapelelezi kilipokwenda kwenye rejista ya magari na jina likatoka. Miaka 12! Hawakukosa kitu cha kusoma. Walikosa wa kukisoma.

Wazee wa mji huu, wale wanaofuata habari za Ubelgiji kama habari za ukoo, wanalikumbuka jina la Marc Dutroux, mteka wasichana. Mtu asiye na kazi, akila msaada wa serikali, na papo hapo mwenye nyumba kadhaa. Desemba 1995 askari waliingia kupekua mojawapo ya nyumba hizo, mmoja wao akasikia sauti za watoto, wakatoka. Wasichana waliokuwa wamefichwa chini hawakuokolewa. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Oktoba 1996, watu wapatao 300,000 waliandamana Brussels wakiwa na vitu vyeupe mikononi. Nchi yenye rejista ya kila mbuzi! Karatasi ya msaada ilikuwa ofisi hii, karatasi ya nyumba ofisi ile, na hakuna aliyeziweka juu ya meza moja. Kwa hiyo mtu asije kuniambia tatizo letu ni ukosefu wa kompyuta.

Tatizo letu tunalijua. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Laini za simu zinauzwa barabarani zikiwa zimekwisha kuandikishwa kwa majina ya watu ambao hawajui kwamba wana laini hizo. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kupangisha nyumba inataka mkataba, lakini kwenye parseli nyingi za Katuba, Ruashi au kule Annexe mkataba ni mdomo na garanti, ile amana ya kuanzia. Ukitoa garanti, hakuna atakayekuuliza unatoka wapi. Mwenye parseli anaishi mbele, chumba cha nyuma kina mlango wake, mpangaji anajulikana kwa jina la mtoto wake au kwa jina la kazi aliyosema anaifanya. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, anapata habari zake siku ya ugomvi wa maji.

Na RAM je, mnaikumbuka? Tangu mwaka 2020 watu walikatwa yuniti zao kwa ajili ya rejista ya simu. Walielezwa kwamba kila simu itajulikana, na simu ya wizi itafungwa. Kelele zikawa nyingi, mwaka 2022 ikaondolewa. Makato yakakoma na sisi tukashukuru. Lakini ile rejista iliyokwisha kulipiwa, iko kwa nani? Kama kweli namba za simu zetu ziliandikwa, basi mwanamke akipotea leo na simu yake ikawashwa kesho Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikiwa na laini nyingine, kuna mahali ambapo jambo hilo linaweza kuonekana. Nauliza kwa heshima, na nadhani kila aliyekatwa yuniti ana haki ya kuuliza.

Nije kwenye neno gumu zaidi. Waliouawa Kigali walichukuliwa kwenye mabaa. Wanawake wa ile kesi ya Long Island wengi wao walikuwa wakiuza miili yao, na familia zao zimelalamika kwamba mwanzoni hazikusikilizwa. Hapa kwetu tuna jibu letu tayari mdomoni: "Ameenda Kolwezi." Amefuata bwana wa mgodini. Yuko Kasumbalesa na madereva wa malori. Atarudi pesa zikiisha. Nilimsindikiza mama mmoja, mteja wangu, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, akiwa na simu yenye ujumbe wa mwisho wa binti yake. Aliulizwa kwanza kama binti ana mume. Akasema hapana. Kalamu ikawekwa chini. Hakuna aliyemwuliza namba ya binti ni ipi, mtandao gani, alitumiwa pesa lini. Binti alirudi, Mungu ashukuriwe, alikuwa hospitali Likasi. Lakini kalamu ile iliwekwa chini kabla hata ofisa hajajua hivyo.

Muuaji wa aina hii anaitegemea kalamu ile. Huchagua mtu ambaye kutokuwepo kwake kuna maelezo tayari.

Kuna na jambo la maonyesho. Watuhumiwa wanapokamatwa tunawaona wameketishwa chini uwanjani mbele ya kamera, na mbele yao wamepangiwa vitu: mapanga, bunduki kama ipo, na simu. Simu nyingi, zimelazwa kwenye turubai kama samaki sokoni. Kila mkubwa anainua moja, anaigeuza, anairudisha. Nimetazama picha hizo mara nyingi nikitafuta mtu mwenye karatasi na kalamu anayeandika. Kila simu, ukibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, inakupa namba yake ya tarakimu 15. Mtoto wangu anajua kufanya hivyo. Kabla ya kamera kuitwa, naomba mtu mmoja akae na zile simu, aandike namba zake zote, azipeleke kwa mitandao, aulize kila moja ilikuwa ya nani na mwenyewe yuko wapi. Kati ya simu hizo huenda mojawapo mwenyewe hatafutwi na mtu kwa sababu alisemekana yuko Kolwezi.

Najua kuna atakayesoma hapa akaanza kusugua mikono. "Vizuri, tutapita kwenye makabini tukague kaye." Hapana, wakubwa wangu. Siombi hilo, na wenzangu wa mwavuli watanipiga nikiliomba. Tunaujua ukaguzi wa namna hiyo: unaanza na daftari, unaishia kwenye droo. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda siri ya mawasiliano yetu isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kwa hiyo anayetaka kusoma pesa za mtu aje na karatasi ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, yenye namba ya faili, jina la aliyepotea, tarehe anazozitaka, na nakala moja ibaki kwangu. Bila karatasi, kaye imefungwa. Mkiweka utaratibu huo, makabini tutakuwa wa kwanza kuwasaidia, kwa maana sisi pia tuna mabinti. Msipouweka, kila mtu ataficha, na muuaji atakuwa amefichwa pamoja na watu wema.

Vilevile kuhusu nyumba ya mtuhumiwa. Maisha yake ya siri ni mali ya faili, siyo mali ya barabara. Ibara ya 17 inasema anayeshtakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho, na ibara ya 18 inasema mahabusu ya polisi isizidi saa 48. Tunalijua lile ambalo hutokea mji ukikasirika: tairi, petroli, na kesho yake inasikika kwamba hakuwa yeye. Na hata akiwa ndiye, akichomwa, anaondoka na majibu yote. Nani atatuambia mabinti wengine wako wapi? Yule wa Nairobi alipotoroka, familia zilizokuwa zinangoja kujua zilibaki mikono mitupu. Tairi lingewafanyia vilevile. Mke wa mtuhumiwa msimwoneshe kwenye televisheni. Watoto wake msiseme wanasoma shule gani. Mwanamke ambaye jana alikuwa anampikia bukari mtu huyo, leo anaweza kuwa shahidi wenu mkubwa: ndiye anayejua alirudi saa ngapi, alinunua nini, alileta hereni za nani akasema ameziokota. Mkimfanya mshirika wake mbele ya kamera, atanyamaza, na ana haki ya kunyamaza.

Sisemi kwamba Lubumbashi ina mtu wa namna hiyo leo. Nasema kwamba kwa jinsi tunavyoandika, tunavyopangisha na tunavyojibu ndugu wa waliopotea, akiwepo hatutamjua mpaka achoke mwenyewe.

Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka, hili halihitaji bajeti ya kutoka Kinshasa. Karatasi ya mfano ya kuombea taarifa za pesa na simu za mtu aliyepotea inaweza kuandikwa mchana mmoja, na ikawekwa kwenye kila ofisi ya polisi ili OPJ ajaze badala ya kuanza kutunga. Mitandao inaweza kuombwa itaje mtu mmoja wa kupokea karatasi hizo hapa hapa mjini, kwa saa zinazojulikana. Mheshimiwa Meya, amri ya kutunza kaye za makabini kwa mwaka mmoja ni tangazo la ukurasa mmoja. Muuza karanga atatafuta karatasi nyingine. Waburgumestre, shefu wa kartie apewe daftari la wapangaji wa vyumba vya nyuma, jina la kadi na namba ya simu, bila malipo. Nasisitiza bila malipo, kwa sababu siku mtakapoweka hata falanga mia tano juu yake, hakuna atakayeandikisha mpangaji.

Na mama anapokuja na ujumbe wa mwisho wa binti yake, aulizwe namba ya simu kabla ya kuulizwa habari za ndoa.

Jibu lenu, likiwa ndiyo au likiwa hapana, libandikeni kwenye ubao wa komini ya Kenya. Wengi wetu tunapita pale.

Mama wa kabini,
soko la Kenya, Lubumbashi